Waraka kwa Wanachama: Ruhusa Kwanza, Utafutaji Baadaye

Kwa: Waandaaji programu wote, wanachama wa chama chetu

Yah: Kuchuja matokeo ya utafutaji kwa kufuata ruhusa

Ndugu wanachama,

Wengi wetu tunatengeneza mifumo ya zahanati, shule na vyama vya akiba na mikopo. Karibu kila mfumo una kisanduku cha kutafutia, na siri nyingi za watu huvujia hapo.

Chukueni zahanati. Karani wa mapokezi, asiyeruhusiwa kusoma mafaili ya daktari, anaandika jina la jirani yake na neno "VVU". Mfumo unajibu: "Faili 1 limepatikana." Chini yake hamna kitu. Faili tumelificha, ila karani ameshajua alichotaka kujua. Akiandika jina lilelile na "kifua kikuu", akapata sifuri, shaka yote inamtoka.

Kosa ni kwamba mfumo umetafuta katika mafaili yote, ukahesabu na kupanga, ndipo ukauliza anayetafuta ni nani. Kuficha idadi pekee hakutoshi. Mwaka 2005 Stefan Büttcher na Charles Clarke wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, walionyesha kwamba mfumo unaochuja mwishoni humwezesha mtumiaji yeyote kupata habari za mafaili asiyoruhusiwa kuyasoma. Alama zinazopanga matokeo hutegemea neno limo katika mafaili mangapi, yakiwemo yaliyofichwa. Mjanja hupeleleza kupitia mpangilio huo.

Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Lakini hata pasingekuwa na sheria, mgonjwa alimweleza daktari siri yake, hakumweleza karani.

Kwa hiyo nawasihi:

1. Ruhusa iwe sharti ndani ya ombi lenyewe linalokwenda kwenye hifadhidata, ili faili lisiloruhusiwa lisihesabiwe wala kupewa alama.

2. Idadi, dondoo na mapendekezo yanayojitokeza mtu anapoandika, vyote vipite kwenye chujio hilohilo.

3. Majibu yaliyohifadhiwa kwa ajili ya daktari asipewe karani. Mtu akiondolewa ruhusa, utafutaji utambue papo hapo.

4. Tujaribu mfumo kwa akaunti ya mwenye ruhusa ndogo kabisa. Akaunti ya msimamizi huona kila kitu, hivyo haifichui kasoro hii.

Najua utafutaji unaweza kupungua kasi, na mteja atalalamika. Tuitengenezee faharasa sehemu inayotunza ruhusa. Kasi itakayobaki kupungua tumweleze mteja bila kumficha. Kusubiri kidogo kunavumilika, lakini siri ikishatoka hairudishwi.

Kabla ya kikao chetu kijacho, kila mmoja aingie kwenye mfumo wake kama karani, atafute asichopaswa kukiona, kisha atuletee alichokipata, hata kama ni idadi tu.

Wenu katika kazi,

Katibu