Kukosa Pumzi Si Uzee

Katika vijiji kama vya Buganguzi, wilayani Muleba, mtu anayesimama kila hatua chache kuvuta pumzi anapotoka shambani huambiwa kwamba uzee umemwingia. Akivimba miguu, wengine husema karogwa. Akikohoa usiku, hutafutiwa dawa ya pumu. Miezi hupita, na siku anapofikishwa hospitali hawezi tena kulala chali. Hapana budi mazoea hayo yakomeshwe.

Dalili hizo zikikutana, yafaa kushuku jambo moja: moyo unashindwa kazi yake. Si kwamba umesimama, la hasha. Moyo ni pampu. Ukidhoofika au ukikakamaa, damu haisukumwi ipasavyo, bali hurudi nyuma na kutuama. Maji huvuja mapafuni, ndiyo maana mgonjwa hurundika mito ili apate usingizi. Maji hayo pia hushuka miguuni, ndiyo maana kidole kikibonyeza kifundo huacha shimo.

Uchunguzi uliofanywa katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili na kutangazwa mwaka 2014 ulifuatilia wagonjwa 427 wa aina hiyo. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 55 tu. Chanzo kikubwa, kwa asilimia 45, kilikuwa shinikizo la juu la damu. Wengine misuli ya moyo ilikuwa imedhoofika, na wengine vali zimeharibiwa na homa ya rumatiki, ambayo hufuata maambukizo ya koo utotoni. Huo si uzee. Ni umri wa mwalimu mkuu au katibu tarafa aliye bado kazini.

Kuutambua ugonjwa huu huanza bila mashine kubwa. Mganga humwuliza mgonjwa anavyolala, hutazama kama mshipa wa shingo umejaa, husikiliza kifua na kupima shinikizo la damu. Kisha hufuata picha ya eksirei, kipimo cha umeme wa moyo na vipimo vya damu, kwani figo na ini pia huweza kuvimbisha miguu. Kipimo kinachoondoa shaka ni cha mawimbi ya sauti, kinachoonyesha moyo ukipiga na vali zikifunguka.

Kipimo hicho hakipatikani katika zahanati ya kijiji. Rufaa huweza kumfikisha mgonjwa Bukoba mjini, Bugando jijini Mwanza, au Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2015. Kwa mkulima wa migomba na kahawa, nauli hiyo ni mzigo mzito. Ni wajibu wa wanaopanga bajeti za afya kukisogeza kipimo hicho, pamoja na wataalamu wake, karibu na wananchi.

Lakini kinga haihitaji safari. Mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya wananchi mbele ya redio wakajifunza maradhi yanayowaua. Walimu na watumishi wa leo hawana udhuru wa kufanya pungufu. Wapime shinikizo lao, wawahimize wazazi kufanya hivyo, wahakikishe mtoto mwenye maumivu ya koo anatibiwa, na wawaonye wagonjwa wasiache vidonge kwa kuwa wamepata nafuu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ukuta wa moyo haujengwi kwa matofali.