Mkopo wa Gari: Uliza Bei Yake Kabla ya Kutia Sahihi



Pale Busia na Malaba, ambako zamani baiskeli za boda boda zilivusha watu mpakani, siku hizi pikipiki na pikapu hutolewa kwa mkopo. Kukopa si jambo baya. Wakulima wengi wa skimu walipata mashamba kwa mkopo tangu mwaka 1962. Lakini mkopo una bei kama mahindi, na kila mwuzaji hutaka bei inayomfaa yeye.

Atakuambia, "Asilimia tatu tu kwa mwezi." Mwulize: ya deni linalobaki, au ya fedha zote za mwanzo? Tuseme umekopa Shs. 120,000/- kwa miezi 12, ukilipa sawasawa kila mwezi. Kwa deni linalobaki, riba ni karibu Shs. 24,700/-. Kwa fedha za mwanzo, ni Shs. 43,200/-. Tofauti yapita Shs. 18,000/-! Tena uliza bima, ada ya karatasi, na malipo ya chombo cha kufuatilia gari. Usingoje sheria ikupunguzie: kikomo cha riba ya mabenki kilichowekwa mwaka 2016 kiliondolewa mwaka 2019.

Angalia pia jinsi unavyopimwa. Mkopeshaji mwingine hutazama kitabu cha gari kuliko mapato yako. Ukishindwa kulipa, atalichukua gari aliuze. Yeye hutaka fedha kila juma au kila mwezi, lakini miwa yako hukaa shambani karibu mwaka mmoja na nusu. Na chini ya sheria ya mwaka 2017, hata ng'ombe na mazao yaweza kuandikwa kuwa dhamana. Kwa hiyo soma kila mstari, ujue umeweka nini rehani, na kama mkataba wakuruhusu kuvuka mpaka.

Maoni yetu ni haya: kopa ikiwa gari lenyewe litaweza kulipa deni lake hata katika mwezi usio na mavuno. Kama haliwezi, weka akiba kwanza katika chama chako cha ushirika, ukaulize bei yao pia. Omba jumla yote utakayolipa iandikwe kwenye karatasi moja, uende nayo nyumbani, uihesabu pamoja na jamaa yako. Mwuzaji akikataa, mwache, uende kwa mwingine. Haraka haraka haina baraka.