Ramani ya Moa ni ya nani?

Wadau, nimekuwa kimya wiki mbili. Nilikuwa Moa, wilaya ya Mkinga, kule Tanga ya juu kabisa ambako ukizidi kidogo unaingia Kenya. Jioni moja nimekaa dikoni na mzee mmoja mvuvi, nikamwonyesha kijiji chake kwenye simu. Akatazama weee, kisha akacheka.

"Mwanangu, njia ya kisimani mbona haimo? Na wale waliokuja na vidude vyao tuliwaonyesha yote."

Hao waliokuja ni watu wa mradi mmoja, jina naliacha. Walizungushwa kijiji kizima: njia, visima, mikoko. Ramani ikaingia kwenye ripoti, ripoti ikaingia kabatini. Mzee hana hata nakala.

Hapo ndipo linapokuja suala la leseni. Najua, neno lenyewe linaleta usingizi. Vumilieni.

Google walianzisha Map Maker mwaka 2008, na vijana kibao wa Afrika wakakesha wakichora mitaa yao, bure. Machi 2017 kampuni ikaifunga. Kazi yao ilibaki kwenye ramani ya Google, sawa, lakini wachoraji hawakuwa na haki ya kuibeba yote na kuiendeleza kivyao. Umejenga nyumba kwa mikono yako, kumbe ni mpangaji.

OpenStreetMap ni habari nyingine. Ndiyo ramani waliyoijaza wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa Ardhi kupitia Ramani Huria, mradi ulioanza 2015 kwa sababu ya mafuriko ya Dar. Tangu Septemba 2012 data zake ziko chini ya leseni iitwayo ODbL. Kwa lugha ya nyumbani inasema: chukua kanzidata yote, itumie, ibadilishe, hata ramani utakayoitengeneza uiuze ukitaka. Ila taja ulikoitoa, na ukiirekebisha kanzidata yenyewe ukaitoa hadharani, masharti yawe yaleyale.

Maana yake, siku wasimamizi wakipotoka, unaondoka na nakala kamili na kuanza ya kwako. Mlima mihogo haelezwi hili. Unakata pingili, unapanda shambani kwako, na shina la jirani linabaki pale pale.

Wapo watakaosema hiyo ni haki ya kwenye karatasi. Wana hoja. OpenStreetMap ilipobadilisha leseni, waliokataa walianzisha FOSM wakiwa na data zote za zamani. Haki walikuwa nayo, data walikuwa nazo, umati haukuwafuata. Ramani bila wachoraji huchakaa haraka kuliko tanga. Lakini tazameni pia Wikipedia ya Kihispania. Mwaka 2002 wahariri wake walihofia kuletewa matangazo ya biashara, wengi wakabeba makala wakaanzisha Enciclopedia Libre. Wikipedia mpaka leo haina matangazo. Siwapi wao sifa zote, ila bosi anayejua kwamba watu wanaweza kuondoka na chungu chao husikiliza kidogo.

Ndiyo maana nawaambia vijana wa Moa, na wa kwingineko: kabla hujamzungusha mgeni kijijini kwako, muulize data zitakaa wapi na kwa leseni gani. Akijiumauma, mwache atembee mwenyewe.

Nilidhani nimemaliza somo. Mzee akaniuliza: "Na miamba yangu ya kuvulia, nayo utaiweka humo?" Nikamwambia akitaka. Akatikisa kichwa. Ile ameonyeshwa na baba yake, na hata wanawe hajawaonyesha wote.

Kusema kweli sikuwa na jibu, kwa sababu leseni hii ina upande huo pia: ukishatoa, umetoa. Nakala zikisambaa huwezi kuzikusanya tena, na mvuvi yeyote mwenye simu atakuwa juu ya mwamba wako alfajiri.

Usiku ule, mtandao ukikatikakatika, tuliichora njia ya kisimani. Mwamba hatukuugusa.