Sindano zatengenezwa Kilifi, vijana wetu wachangia moja

Mama akimpeleka mtoto kliniki kudungwa chanjo, macho yake huwa kwa mtoto, si kwa sirinji. Haoni kwamba muuguzi akishasukuma dawa yote, kile kijiti cha kusukumia hufungika na hakirudi nyuma tena. Ukikivuta kwa nguvu, chavunjika. Sirinji hiyo imeundwa ife baada ya mtu mmoja, na zinakotengenezwa si mbali: kiwanda cha Revital Healthcare kiko papa hapa kaunti ya Kilifi, na sirinji zake za kujifunga zimeidhinishwa na Shirika la Afya Duniani, WHO.

Wengi wetu twapita na kudhani kiwanda cha sindano ni kazi ndogo, plastiki tu. Lakini sirinji yenyewe huzaliwa kwa kudungwa. Punje za plastiki huyeyushwa kwenye joto la nyuzi zaidi ya 200, zikasukumwa kwa kishindo ndani ya kalibu ya chuma, zikapoa kwa sekunde chache, kisha kalibu ikafunguka. Kalibu ikikosea kwa upana wa unywele, kile kifungo hakishiki, au kijiti kinakwama dawa ikiwa bado nusu. Usafi nao una hesabu yake, maana sirinji hutiwa gesi maalumu ya kuua viini ikiwa tayari ndani ya pakiti yake. Hii ni elimu ya miaka mingi, na kupata mahali Afrika Mashariki panapoifanya kwa kiwango cha WHO si jambo dogo.

Sababu ya kutafuta kifungo hicho inatisha. WHO ilikadiria kuwa mwaka 2000 pekee, sindano zilizorudiwa bila usafi ziliambukiza watu milioni 21 homa ya ini aina ya B, milioni 2 aina ya C, na watu 260,000 virusi vya Ukimwi. Hao walikuwa wagonjwa waliokwenda kutafuta tiba. Mwaka 1999 WHO, UNICEF na UNFPA walikuwa wameshakubaliana kwamba chanjo zote zidungwe kwa sirinji za kujifunga kufikia mwisho wa 2003. Ndiyo maana leo mtoto wa Mtongwe na mtoto wa Faza hudungwa kwa kifaa ambacho hakiwezi kudungwa mtu wa pili.

Halafu ikaja korona, na dunia ikajifunza jambo jingine. Chupa ndogo ya chanjo ya Pfizer ilihesabiwa kuwa na dozi tano. Mapema 2021 wakaguzi wa dawa wa Marekani na Ulaya wakakubali kuwa zinatoka sita, ila kwa sharti moja: utumie sirinji isiyobakisha dawa. Katika sirinji nyingi, ukishasukuma mpaka mwisho, pale sindano inapoungana na bomba hubaki upenyo, na ndani yake matone kidogo. Upenyo huo ukipunguzwa, dozi ya sita yapatikana. Oktoba mwaka huohuo UNICEF ikaonya kwamba nchi maskini huenda zikapungukiwa na sirinji za kujifunga zipatazo bilioni 2.2. Hapo ndipo watu wakaanza kuuliza Afrika ina viwanda vingapi vya kutengeneza sindano, na jina la Kilifi likasikika.

Upenyo uleule ndio unaonifikisha kwenye jambo ambalo sisi watu wa pwani hatupendi kulizungumza mchana.

Kijana anayejidunga unga akimpa mwenziwe sirinji, hampi sindano tupu. Kinachobaki kwenye upenyo ule ni damu. Watafiti waliolinganisha aina mbili za sirinji walikuta kwamba ile yenye sindano ya kuchomoa hubakisha damu mara nyingi zaidi kuliko ile ndogo ambayo sindano yake imeshikana na bomba, kama wanayotumia wagonjwa wa sukari, hata baada ya kusuuzwa kwa maji. Tangu 2012 WHO imeshauri kwamba wanaogawia watumiaji sindano wawape hizi zisizobakisha damu. Sirinji ya kujifunga si jibu rahisi kwao: mwenye kujidunga huvuta na kusukuma akitafuta mshipa, na ikifunga kabla hajamaliza, ataomba ya jirani yake.

Kenya ilipowapima watu wanaojidunga yapata mwaka 2011, takriban asilimia 18 walikuwa na virusi vya Ukimwi, kiwango ambacho ni karibu mara tatu ya watu wazima kwa jumla wakati huo. Wengi wa watu hawa wako pwani. Hakuna mtaa wa Mombasa, Malindi au Lamu usio na maskani yake, na hakuna ukoo unaoweza kuapa kwamba haumjui hata mmoja. Twawaita mateja, kama kwamba wametoka nchi nyingine. Wana mama zao, na wengine wana wake ambao hawajui mume amerudi na nini.

Mpango wa kugawa sindano safi ulipokuja miaka ya 2012 na 2013, baadhi ya mashekhe na wazee waliupinga. Walisema serikali yawapa vijana silaha ya kujiua. Uchungu wao nauelewa. Mtu aliyezika watoto wawili kwa ajili ya unga hawezi kufurahi kuona pakiti ya sindano ikigawiwa kichochoroni. Lakini wanavyuoni wanayo kanuni ya kuchukua dhara nyepesi ili kuiondoa iliyo nzito, na zipo nchi za Kiislamu zilizoitumia hapa hapa kwenye sindano. Iran, ambayo adhabu zake za dawa za kulevya si za mzaha, iligawa sindano na methadoni tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, hata magerezani. Malaysia ikafuata 2006. Hawakuhalalisha unga. Waliona kwamba kijana aliye hai anaweza kutubu, na mkewe hana kosa.

Hapa kwetu pia mambo yalisogea. Zahanati ya methadoni ilifunguliwa Malindi mwaka 2015, kisha nyingine zikafuata Mombasa. Methadoni hunywewa mbele ya mhudumu kila siku, na mwenye kuinywa hana haja ya kujidunga. Mashirika ya kwetu wenyewe, kama MEWA na Reachout mjini Mombasa na Omari Project kule Malindi, yalibeba kazi hii kabla ya wengi kuikubali.

Tatizo ni kwamba kazi yote hiyo ilisimama juu ya pesa za wageni. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake, wahudumu walitumwa nyumbani na baadhi ya vituo vikapunguza huduma au kufunga milango. Anayekunywa methadoni hawezi kuambiwa asubiri bajeti. Siku mbili bila dozi, mwili unamrudisha maskani, na maskani hapana sirinji ya kila mtu.

Sikilaumu kiwanda. Kiwanda hutengeneza kilichoagizwa na mnunuzi, na wanunuzi wakubwa ni wale wa chanjo. Lawama yangu ni kwa kaunti zetu sita za pwani. Afya imegatuliwa tangu 2013. Tuna kiwanda, tuna watafiti wa KEMRI mjini Kilifi ambao kazi yao ya malaria inasomwa dunia nzima, na tuna mashirika yanayowajua vijana hawa kwa majina. Sijasikia kwamba hizo kaunti sita zimewahi kukaa pamoja na kumwambia mtengenezaji: tutanunua kiasi fulani cha sirinji zisizobakisha damu kila mwaka, tupe bei. Oda ya kaunti moja huenda isitoshe kumshawishi mtu atengeneze kalibu mpya, maana kalibu ni ghali. Oda ya sita yaweza.

Sheria inataka makadirio ya bajeti ya kaunti yafike bungeni kabla ya Aprili 30, na wananchi wasikizwe kabla hayajapitishwa. Vikao hivyo huwa vimejaa maswali ya barabara na taa za mitaani, nayo ni haki. Atakayehudhuria kikao cha wadi yake mwaka ujao, hasa maimamu na kina mama, aulize fungu la methadoni na sindano safi liko ukurasa gani, ni shilingi ngapi, na je, ni za kaunti au ni za mfadhili ambaye ameshaondoka.