BARAZA LA KARANI: Injini Inayotetemeka



Juma hili nina barua ya mama mmoja wa upande wa Kyerwa. Aeleza kuwa alimsindikiza mumewe, mgonjwa mahututi, wapelekwe Bugando, Mwanza, kwa eropleni ndogo. Mgonjwa alikwisha pakiwa, injini ikawashwa, na papo hapo ikaanza kutetemeka kama mtu mwenye homa. Rubani hakuruka. Alipiga resi, akavuta kitasa kimoja kidogo kidogo, kisha akawa "anachezea ufunguo" kulia na kushoto. Robo saa ikapita. Mama auliza, "Je, Karani, ni haki kumchelewesha mgonjwa kwa mtikisiko tu?"

Mama yangu, uchungu wako naufahamu. Hata hivyo nilimwendea fundi mmoja wa eropleni, nikamsomea barua yako, naye akanieleza kwa utaratibu. Sasa nawaeleza na ninyi wasomaji.

Tangu mwaka 1957, Michael Wood na wenzake walipoanzisha kazi ya madaktari wa ndege kule Kenya, eropleni ndogo zimefupisha njia ya wagonjwa wengi wa Afrika Mashariki. Nyingi, kama Cessna 206, zina injini moja tu ya petroli, yenye silinda sita. Kila silinda ina plagi mbili, nazo zapata cheche kutoka magneto mbili. Magneto haitegemei betri; hufanya umeme wake yenyewe inapozungushwa na injini. Moja ikifa angani, ya pili yaendesha safari.

Utasema, basi aruke kwa hiyo ya pili. La! Hiyo ni akiba ya njiani. Mtu akila akiba yake kabla ya kutoka nyumbani, njaa ikimkuta porini atakula nini? Na kati yetu na Mwanza kuna maji mengi ya ziwa.

Sasa kwa nini injini hutetemeka ikiwa sailensa? Kwa sababu pale, kwenye mizunguko 600 au 700 kwa dakika, haina nguvu ya kuficha ugonjwa wake. Ukiipa mafuta yaweza kutulia, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Chuoni ualimu tulifundishwa kuanza na lililo jepesi. Fundi naye hufanya vivyo hivyo.

Kwanza ni joto. Ndege iliyotua punde ikazimwa juani, joto la injini hugeuza petroli iliyomo katika mabomba membamba kuwa mvuke. Silinda moja yapata mafuta, nyingine yapata mvuke. Dawa yake ni pampu ya mafuta na resi kidogo, mpaka petroli baridi iufukuze mvuke.

Pili ni plagi. Petroli ya eropleni iitwayo 100LL ina madini ya risasi. Tena sisi twakaa juu. Ziwa Viktoria lenyewe liko mita 1,134 juu ya bahari, na vilima vya Karagwe na Kyerwa vimepanda kuliko hapo. Hewa ya juu ni nyepesi. Mafuta yakiachwa kwa kipimo cha pwani yaizidi hewa, kisha masizi na risasi huganda kwenye plagi. Ili kupima, rubani hupandisha mizunguko hadi 1,700 au 1,800, akageuza ufunguo upande wa magneto moja, kisha wa pili. Kila upande mizunguko hushuka kidogo. Kwa ndege nyingi za namna hii isishuke zaidi ya 150 hivi, wala pande mbili zisipishane kupita 50. Kitabu cha ndege ndicho hakimu. Ikishuka mno kwa kutetemeka, hupunguza mafuta na kuizungusha kwa kasi kiasi ili uchafu uungue, halafu hupima tena.

Tatu ni hewa ya wizi. Bomba la kuingizia hewa likipata ufa, hewa hupenya bila ruhusa. Wakati wa sailensa mvuto wa ndani ni mkubwa mno, kwa hiyo ufa hudhuru zaidi. Ukipiga resi, dalili yapotea lakini ufa ungali pale. Kazi hii ni ya fundi. Huzima injini, akachunguza mabomba ya moshi: lile lililo baridi kuliko mengine laonyesha silinda isiyochoma.

Yote hayo yakishindwa, ndege hairuki, hata aliyemo awe nani.

Neno moja kwa wanaokusanyika viwanjani, hasa watoto. Msiguse kabisa panga la mbele, hata injini ikiwa imezimwa. Waya wa kuzimia magneto ukikatika, ufunguo wasema "zima" na magneto yasema "washa". Kulisukuma panga kidogo tu kwaweza kumkata mtu.

Nanyi vijana wa pikipiki wa Omurushaka na Nkwenda, barua hii ni yenu pia. Pikipiki ikitetemeka mwaikaza skrubu ya sailensa ili izunguke kwa nguvu, mkaondoka na abiria. Huko ni kumfunika mgonjwa blanketi na kusema amepona. Tazameni kwanza chujio la hewa, plagi na kabureta. Skrubu iwe ya mwisho.

Sasa mama, turudi kwako. Kile kitasa alichokivuta rubani kilikuwa cha kupunguza mafuta. Alikuwa akiunguza uchafu wa plagi. Na ule ufunguo hakuuchezea, alikuwa akiziuliza magneto moja moja. Mwenyewe waandika kuwa mwishowe sauti ilinyooka, mkaruka, na kwamba leo mumeo aota jua mlangoni. Robo saa ile haikuibwa katika uhai wake. Ilikuwa sehemu ya matibabu.

Tukutane juma lijalo.

Karani wenu