Mtafiti anapimwa kwa kunukuliwa, Kongo inabaki na nini?

Tarehe 14 Oktoba 2024, tuzo ya Nobel ya uchumi ilitolewa kwa watafiti watatu wanaofundisha Marekani: Daron Acemoglu, Simon Johnson na James Robinson. Wanachunguza swali ambalo linaulizwa pia Bukavu, Kisangani na Lubumbashi: kwa nini nchi moja ni tajiri na nyingine ni maskini? Jibu wanalitafuta katika historia. Katika makala yao mashuhuri ya mwaka 2001, Kongo ya Wabelgiji imetajwa kama mfano wa utawala uliowekwa kwa kuchota mali, si kwa kujenga nchi.

Basi sisi tumo ndani ya utafiti huo. Lakini tumo kama wasomaji, ama kama watu wa kusomwa tu?

Swali hili lina uzito kwa sababu ya namna kazi ya mtafiti inavyopimwa. Kipimo kinachotumiwa sana ni kuhesabu ni mara ngapi watafiti wengine wamenukuu makala zake. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch aliifupisha hesabu hiyo kuwa namba moja, inayoitwa faharisi ya h. Mwenye 20 ni yule mwenye makala 20 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 20. Namba hiyo hutazamwa wakati wa kuajiri, kupandisha cheo na kugawa pesa za utafiti.

Si kipimo cha kutupa. Watu wa vyuo vikuu vyetu wanajua ubaya wa cheo kinachopatikana kwa kujuana. Namba, walau, haiulizi wewe ni mtoto wa nani.

Hata hivyo kipimo hiki ni kipofu mahali pawili. Kwanza, hakitofautishi sifa na lawama. Mwaka 2012 mchumi David Albouy alichapisha uhakiki mkali wa takwimu za vifo zilizotumiwa katika ile makala ya 2001. Kwa kuikosoa ilibidi aitaje, na kwa kuitaja akaiongezea hesabu. Pili, kinasikia sauti za watafiti peke yao. Mwalimu wa sekondari, chefu wa mtaa au waziri wa jimbo akibadilisha kazi yake kwa sababu ya utafiti, hesabu haisogei hata kidogo.

Tuchukue mfano wa hapa kwetu. Mwaka 2017 Robinson, pamoja na Sara Lowes, Nathan Nunn na Jonathan Weigel, walichapisha katika jarida la Econometrica utafiti juu ya ufalme wa Kuba, ulioanza karne ya 17 huko Kasaï. Ufalme huo ulikuwa na mahakama, polisi na kodi. Watafiti walikwenda Kananga, wakawachezesha watu michezo ya pesa, wakilinganisha wale ambao asili yao ni ndani ya ufalme na wale wa jirani, nje kidogo ya mpaka wake. Wakaona kwamba wenye asili ya ndani walielekea zaidi kuvunja kanuni za mchezo ili wapate faida. Maelezo yao ni kwamba pengine pale ambapo dola linasimamia sheria, wazazi hawaoni haja kubwa ya kuwafundisha watoto kujizuia wenyewe.

Fikiria, ndugu msomaji, wewe ni Mkuba. Jambo zito limesemwa juu ya watu wako, kwa Kiingereza, katika jarida la wataalamu. Labda ni kweli, labda unalo la kujibu. Lakini jibu lako utalipeleka wapi? Kila mara makala hiyo inaponukuliwa, namba ya mwandishi inapanda. Mkuba akiisoma na kuipinga mbele ya wazee wa Mushenge, hakuna anayehesabu.

Wala siwalaumu watafiti kwa kuja. Jiji hilohilo la Kananga linaonyesha faida yao. Weigel na wenzake walifanya kazi na serikali ya jimbo la Kasaï ya Kati juu ya kodi ya nyumba. Katika kampeni ya mwaka 2018 waliona kwamba mahali ambapo machefu wa mitaa ndio walikusanya kodi, mapato yalizidi kwa asilimia 44 yale ya mahali walipotumwa maofisa wa serikali. Hilo ni jambo ambalo jimbo linaweza kulitumia kesho asubuhi.

Kupima kwa namna nyingine kunawezekana. Mwaka 2014 Uingereza ilipokagua utafiti wa vyuo vikuu vyake, asilimia 20 ya alama ziliwekwa kwa mabadiliko yaliyoonekana nje ya chuo. Mwaka 2021 zikafika 25.

Sisi tusingoje wengine watupimie. Vyuo vikuu vyetu na wakubwa wa majimbo wanaotoa ruhusa za utafiti wanaweza kuweka masharti matatu. Mtafiti aache muhtasari kwa Kifaransa na kwa lugha ya taifa inayosemwa mahali alipofanyia kazi, iwe Kiswahili, Lingala, Kikongo ama Tshiluba. Arudi kukutana na watu aliowauliza maswali, wamjibu. Na Mkongomani aliyefanya kazi ya utafiti kweli jina lake liandikwe kati ya waandishi, lisiishie kwenye mstari wa shukrani.

Anayepimwa kwa kunukuliwa tu atatafuta kunukuliwa tu. Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni amekuja, ameandika, amepata sifa. Imebaki kupima kama mwenyeji amepona.