Tovuti za Umma Zipunguzwe Uzito

Hapana ubishi kwamba ofisi nyingi za umma siku hizi zimehamishia shughuli zake katika mtandao. Tangazo la zabuni, fomu ya kibali, orodha ya waliochaguliwa kujiunga na vyuo: mwananchi aliyekuwa akidamka alfajiri kuwahi basi la kwenda makao makuu ya wilaya ili asome ubao wa matangazo, sasa anaambiwa atazame kwenye tovuti. Jambo hili ni jema, na tumepata kulipongeza katika safu hii. Hata hivyo hatuna budi kusema wazi kwamba nyingi kati ya tovuti hizo zimetengenezwa kana kwamba wananchi wote wanakaa katika ofisi yenye waya wa faiba.

Hivi majuzi mwandishi wetu mmoja alikuwa katika milima ya Usambara, mahali ambapo simu hupata mtandao kwa kuviziwa. Hapo alimkuta kijana fundi seremala akijaribu kufungua ukurasa wa ofisi moja ya umma apate fomu ambayo mwisho wa kuirudisha ulikuwa saa 10 jioni siku ile ile. Ukurasa huo ulianza na picha 5 kubwa za kupishana zenyewe: mgeni rasmi akikata utepe, mgeni rasmi akipanda mti, na kadhalika. Picha ya kwanza iliteremka polepole kutoka juu, ikafika kwenye shingo ya mgeni rasmi, ikasimama hapo. Kijana alijaribu tena mara mbili, kisha bando likamwishia. Fomu yenyewe, tulipokuja kuifungua ofisini kwetu, ilikuwa na uzito wa kilobaiti 60 tu.

Hesabu yake si ngumu. Mtandao wa kasi ya kilobiti 400 kwa sekunde, ambao ndio wa kawaida kwa watu wengi walio mbali na mnara, hupitisha kama kilobaiti 50 kila sekunde. Kwa kasi hiyo fomu ile ingemfikia kijana katika muda wa sekunde moja na kitu. Picha moja iliyotoka moja kwa moja katika kamera, yenye megabaiti 5, huhitaji sekunde 100 hata kama mtandao haukatiki, nao hukatika. Na kila megabaiti inakatwa katika salio la mwananchi. Picha ya mgeni rasmi, kwa maneno mengine, inalipiwa na fundi seremala.

Tusieleweke vibaya. Hatusemi picha ziondolewe. Mwenye nyumba ya wageni kule Pangani hawezi kumvuta mgeni kwa maneno matupu, wala muuza kanga hawezi kuuza mji na pindo bila kuvionyesha. Tunachosema ni kwamba uzuri wa ukurasa na uzito wake ni mambo mawili mbalimbali, na fundi anayeijua kazi yake huweza kutoa cha kwanza bila kumtwisha msomaji cha pili.

Kosa kubwa kuliko yote ni kuituma picha ikiwa na ukubwa wa kamera. Kamera ya kawaida ya siku hizi hutoa picha yenye pikseli 4000 kwa 3000, yaani nukta milioni 12. Kioo cha simu ya bei nafuu kina upana wa pikseli 720, na picha hiyo ikikaa humo hutumia nukta zisizofika laki 4. Simu hupokea nukta zote milioni 12, kisha huzitupa nyingi mno na kubaki na moja katika kila 30. Ni sawa na kumwagiza mtu magunia 30 ya mahindi ilhali jikoni kunahitajika gunia moja. Picha ikipunguzwa kabla ya kuwekwa, ikabanwa kwa kiasi ambacho jicho halitambui tofauti, mara nyingi hushuka chini ya kilobaiti 100. Kazi hiyo ni ya dakika chache, na programu za kuifanya zinapatikana bure.

Halafu kuna suala la aina ya faili. JPEG, ambayo ni kanuni ya mwaka 1992, inafaa kwa picha za kamera kama mapambazuko ya Pangani, ambamo rangi zimeingiana. Mchoro wa kanga, wenye rangi chache zilizo bapa na kingo kali, huhifadhiwa vizuri zaidi kwa PNG iliyopunguzwa idadi ya rangi. Nembo na ramani nyepesi zichorwe kwa SVG, ambayo huhifadhi maelezo ya mistari badala ya nukta moja moja, ndiyo maana hukuzwa bila kuharibika. WebP, iliyotolewa na Google mwaka 2010, kwa kawaida hupunguza uzito wa JPEG kwa karibu robo. Hata JPEG yenyewe inaweza kupangwa ijitokeze yote kwa pamoja ikiwa na ukungu kisha iendelee kusafika, badala ya kushuka mstari kwa mstari na kutuachia mgeni rasmi bila kiwiliwili. Tena picha zilizo chini ya ukurasa zisubiri hadi msomaji azifikie, na maneno yatangulie kabla ya chochote kingine.

Yupo aliyeona kwa macho yake matokeo ya kazi ya namna hii. Chris Zacharias, aliyekuwa mhandisi wa YouTube, alieleza mwaka 2012 jinsi alivyoupunguza ukurasa wa kutazamia video kutoka megabaiti 1.2 hadi kilobaiti 98. Alipoujaribu kwa watu wachache alistaajabu: wastani wa muda wa kufunguka ulikuwa umeongezeka! Sababu ilipotafutwa, ikaonekana kwamba watu wa Afrika, Amerika ya Kusini, Asia ya Kusini-Mashariki na Siberia walikuwa wameanza kuutumia. Kwao ukurasa mwepesi ulichukua dakika 2, ilhali ule wa zamani ungechukua dakika 20, hivyo walikuwa hawausubiri. Katika takwimu za awali watu hao hawakuwamo. Tunawaomba wakuu wa ofisi zetu waifikirie habari hiyo kila wanapoletewa taarifa kwamba tovuti yao inafunguka haraka. Inafunguka haraka kwa nani?

Wala hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano mwema. Kurasa za matokeo za Baraza la Mitihani la Tanzania ni majedwali ya maandishi matupu. Hazina urembo wowote, na wapo wanaozicheka. Lakini mzazi aliye kijijini mwenye simu ndogo huzisoma, na hicho ndicho alichokitaka.

Watakuwapo watakaotuambia tusubiri, kwamba 5G imekwisha ingia nchini na minara inaongezeka. Ni kweli inaongezeka. Lakini Mei 2024, siku chache tu baada ya kimbunga Hidaya kuifikia pwani yetu, nyaya za chini ya bahari za EASSy na SEACOM zilikatika, na nchi kadhaa za Afrika Mashariki, pamoja na miji yake mikubwa, zikabaki na mtandao wa kusuasua. Tujiulize ingekuwaje kama nyaya zingekatika katika siku zile zile ambazo wavuvi walikuwa wakitafuta tahadhari ya upepo. Aidha, uzoefu unaonyesha kwamba kasi ikiongezeka watengenezaji nao huongeza mizigo. Ukurasa wa kawaida duniani sasa unazidi megabaiti 2, na mwenye mtandao dhaifu anazidi kuachwa nyuma.

Kwa maoni yetu, tatizo linaanzia katika mkataba. Ofisi inapoagiza barabara hutaja upana na unene wa lami. Inapoagiza tovuti husema tu kwamba iwe ya kisasa na ya kuvutia. Mkandarasi huionyesha kwa kompyuta kubwa katika ukumbi wenye kiyoyozi, wajumbe hupiga makofi, na fedha za umma hulipwa. Hatuoni sababu ya utaratibu huo kuendelea. Mkataba utaje uzito usiozidi kilobaiti 500 kwa ukurasa wa kwanza pamoja na picha zake, na fomu ipatikane kwa kubofya mara moja bila kupitia picha yoyote. Kabla ya kulipa, mjumbe mmoja wa kamati apande gari hadi Kilindi au Lushoto akiwa na simu ya bei nafuu na bando alilolinunua kwa fedha yake mwenyewe, aufungue ukurasa huo akiwa huko, kisha alete taarifa ya maandishi ya muda uliotumika.